Alama ya Kosa Ukutani

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kusahihisha. Mwanafunzi akipata hesabu nilimwekea vema. Akikosa nilimwekea X kwa wino mwekundu, naye akajua kwamba hapo amekosea na hana budi kurudia. Ndiyo maana kila nipitapo katika barabara zetu za Usukuma, nikaona X nyekundu imepakwa kwenye ukuta wa nyumba ya mtu, ualimu wangu huamka. Hutaka kujua aliyekosea hesabu hapo ni nani. Ni mwenye nyumba, au ni mwenye rangi?

Jibu tunalopewa siku zote ni kwamba amekosea mwenye nyumba. Amejenga ndani ya hifadhi ya barabara, amevamia, na sheria aliijua au alipaswa kuijua. Katika kurasa hizi nitalipinga jibu hilo. Nasema kwamba katika vijiji vyetu vingi vya Shinyanga na Geita aliyekosea si mwenye nyumba, na kwamba kosa huanza siku ramani inapochorwa bila mwenye nyumba kuulizwa neno. Wala sisemi kama mtu aliyesimama pembeni. Katika kosa hilo ninalo fungu langu, nami nitalieleza.

Lakini kwanza nijitenge na wale wanaodhaniwa kuwa hawapendi barabara. Mtoto anayezaliwa leo Sengerema hatajua ilivyokuwa kusubiri kivuko na mgonjwa mapajani, jua likizama na foleni haisogei. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, nilishukuru kama wengine walivyoshukuru. Vumbi nalo nalijua. Mgodi wa Bulyanhulu ulifunguliwa mwaka 2001. Miaka 20 baadaye barabara ya kutoka Kahama kwenda Kakola ilikuwa bado ya changarawe, malori ya kuhudumia mgodi yakipita mchana na usiku, na akina mama waliokaa kando yake wakianika mpunga unaogeuka mwekundu kabla haujakauka. Anayesema kwamba watu wa vijijini hawahitaji lami hajawahi kumbeba mjamzito kwa baiskeli wakati wa masika. Lami ni neema. Ugomvi wangu ni juu ya namna neema hiyo inavyotufikia.

Kwenye karatasi, inatufikia vizuri sana. Kwanza hufanywa upembuzi yakinifu, kisha usanifu wa kina, kisha fedha hutafutwa, kisha mkandarasi hupatikana, na mhandisi mshauri huwekwa amsimamie. Katiba yetu, ibara ya 24, inalinda mali ya mtu, na inakataza kunyang'anywa bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na kanuni za mwaka 2001 zikaongeza kwamba malipo yakichelewa kupita miezi 6, yaandamane na riba. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi wasikilizwe kabla mradi mkubwa haujaidhinishwa. Mgeni akisoma vitabu hivyo atadhani kwamba hapa kwetu hakuna mkulima anayeamka asubuhi na kukuta ukuta wake umeandikwa.

Sasa nimweleze mgeni huyo mkutano mmoja nilioukalia mwenyewe, baada ya kustaafu, katika kijiji ambacho sitakitaja. Walikuja vijana waungwana, wenye elimu yao, wakabandika ramani kubwa kwenye ubao wa darasa. Mstari wa barabara ulikuwa umekwisha kuchorwa juu yake. Mzee mmoja akainuka na fimbo yake akauliza: "Wanangu, mstari huu ukisogezwa upande ule wa mbuga, ambako hakuna nyumba, itakuwaje?" Kijana akamjibu kwa heshima kabisa: "Babu, usanifu umekwisha. Sisi tumekuja kutoa elimu tu." Mzee akaketi. Tukagawiwa soda, tukaandika majina yetu kwenye daftari la mahudhurio, na kwa daftari hilo ikahesabika kwamba wananchi wameshirikishwa.

Msomaji, swali la mzee yule lilikuwa na jibu. Udongo wa mbuga ni mweusi, hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, na barabara haitulii juu yake mpaka udongo huo uondolewe na kujazwa mwingine, kwa gharama kubwa. Mzee aliyelima mpunga mbugani miaka hamsini angelielewa jibu hilo kuliko mtu yeyote chumbani mle. Huenda angesema: basi pandeni kidogo, pale penye kichanga karibu na mkwaju, ambako maji hayasimami. Huenda angekosea pia. Lakini hakujibiwa, akaambiwa kwamba anapewa elimu. Mimi nimefundisha. Elimu isiyopokea swali siijui.

Hapo nafika kwenye fungu langu.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji, na kwamba sasa hilo ni amri. Kwetu mwaka 1974 ndio uliokuwa mwaka wa kuhama. Watu waliokuwa wametawanyika, kila mji umezungushiwa minyaa yake, walitakiwa kukusanyika, na vijiji vingi vikawekwa kando ya barabara. Sababu ilitajwa waziwazi, wala haikuwa sababu mbaya: lori la pamba lifike, dawa zifike, watoto wapate shule karibu. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi, kijana mwenye kifua mbele. Walimu tulitakiwa kusaidia kupima viwanja kwa kuwa tulijua kuandika na kuhesabu. Hatukuwa na mpima ardhi wala bikoni. Tulikuwa na kamba ya katani na miguu yetu. Nilihesabu hatua ishirini kutoka ukingo wa barabara, nikachomeka kijiti, nikasema: "Nyumba ya fulani ianzie hapa."

Mama mmoja mtu mzima alinifuata nyuma nikipima. Alikuwa ameacha mji wake kule ndani, na kaburi la mumewe, na mihogo ambayo haijavunwa. Akaniuliza: "Mwalimu, huku hatutahamishwa tena?" Nikamjibu: "Hapana, mayu. Hapa ndipo penu sasa. Barabara hii ni yenu." Hakuna aliyenituma kumwambia hivyo, wala hakuna aliyenikataza. Nilisema kwa sababu niliamini.

Sasa tufanye hesabu ambayo sikuifanya siku ile. Hatua ishirini za kijana mwenye haraka ni kama meta 15. Ongeza nusu ya barabara ya wakati ule, kama meta 3. Jumla ni meta 18 kutoka katikati ya barabara. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa meta 22.5 kila upande. Kwa hiyo nilimpima yule mama ndani ya hifadhi, kwa kamba yangu, mbele ya viongozi wote, na kijiji kikaandikishwa hivyo. Mwaka 2007 ikaja Sheria ya Barabara, na hifadhi ikapanuliwa kutoka meta 22.5 hadi 30 kila upande. Tangu hapo tumezijua rangi mbili. Aliye kati ya meta 22.5 na 30 huwekewa X ya kijani, maana yake atalipwa, kwa kuwa sheria ndiyo iliyomfuata alipo. Aliye ndani ya meta 22.5 huwekewa X nyekundu, maana yake ni mvamizi, naye avunje kwa gharama yake.

Yule mama alikwisha kufariki. Nyumba yake ya miti ilianguka, mwanawe akajenga ya matofali ya kuchoma, mjukuu akaezeka bati. Nguzo ya umeme imesimama mlangoni mwao na mita imefungwa ukutani. Aliyeifunga hakumwita mtu mvamizi. Kaburi la mama mwenyewe liko ubavuni mwa nyumba. X iliyopakwa kwao ni nyekundu. Mjukuu alikuja kwangu jioni, akaketi, akanisalimu vizuri, ndipo akasema: "Babu, bibi alikuwa akituambia kwamba wewe ndiwe uliyetupimia." Sikuwa na la kumjibu usiku ule. Mtu aliyehamishwa kwa amri akawekwa kando ya barabara, kisha barabara ikapanuka ikamkuta pale pale alipoambiwa akae, huyo amevamia nini?

Ninapofika hapa watu wa majukwaani huniambia: Mwalimu, achana na machozi, tazama Marekani. Husema kwamba nchi ile haikusubiri kutajirika ndipo ijenge barabara. Ilijenga barabara, utajiri ukaja. Na walivunja nyumba za watu bila kusitasita. Haya, na tuitazame Marekani, lakini tuitazame mpaka mwisho wa habari.

Tarehe 29 Juni 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga barabara kuu za kuunganisha majimbo yote, maili 41,000, yaani kama kilometa 66,000. Serikali ya shirikisho ililipa asilimia 90 ya gharama, jimbo likalipa iliyobaki, na fedha zilitoka katika mfuko maalumu wa kodi ya mafuta ya magari. Walitaraji kumaliza katika miaka 13. Kipande kilichohesabiwa kuwa cha mwisho katika mpango ule kilifunguliwa mwaka 1992. Sheria yenyewe ilitaka pawe na mikutano ya wananchi. Lakini mikutano mingi ya siku zile ilifanana na ule wangu wa soda: mhandisi alifika na mstari wake.

Na mstari ulipita wapi? Mashambani ulipita kwa urahisi. Mijini ulipenda kupita kwa watu wasio na sauti. Katika mji wa St. Paul, Minnesota, ulikata katikati ya Rondo, mtaa wa Wamarekani weusi wenye maduka yao na makanisa yao. Miami ulikata Overtown. New Orleans waling'oa miti iliyotia kivuli barabara ya Claiborne, mahali watu weusi walipokutania siku za sikukuu, wakajenga daraja la zege juu yake. Kwa hesabu za serikali yao wenyewe, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa na barabara hizo.

Hapo ndipo wasemaji wetu hufunga kitabu. Lakini kitabu kinaendelea. Wananchi waligoma, mji kwa mji. Mwaka 1970 gavana wa Massachusetts alisimamisha barabara zilizokuwa zipite katikati ya Boston, na baadaye katika ukanda mmoja uliokuwa umekwisha kubomolewa ikajengwa reli na bustani. Tarehe 1 Januari 1970 ilitiwa saini sheria ya kulazimisha mradi wa shirikisho wenye athari kubwa kueleza madhara yake, na njia nyingine zinazowezekana, kabla uamuzi haujafanywa. Januari 1971 ikafuata sheria ya kuwasaidia na kuwalipa wanaohamishwa. Na mwaka 2015 meya wa St. Paul aliwaomba radhi hadharani watu wa Rondo, karibu miaka sitini baada ya tingatinga.

Leo Marekani ikitaka barabara mpya ya aina hiyo, mambo huendaje? Chukua ile iitwayo I-69 katika jimbo la Indiana, kutoka Evansville hadi Indianapolis, kilometa zipatazo 228. Zilichorwa njia kadhaa, si moja. Ziliwekwa mbele ya watu pamoja na gharama zake, mashamba zitakayokula, na misitu na mito zitakayoikata. Uamuzi wa njia ulifanywa mwaka 2004, na sehemu ya mwisho ilifunguliwa mwaka 2024. Walikuwapo waliopinga mpaka mahakamani, wakashindwa. Lakini walishindwa baada ya kujibiwa.

Najua nitakachoambiwa: miaka 20! Mwalimu anataka tungoje miaka 20 ndipo tupate barabara. La. Wao walichukua muda huo kwa sababu zao, na nyingine ni za uzito wa makaratasi ambao hata wao huulalamikia. Mimi sitaki miaka 20. Nataka mkutano mmoja wa kijiji, ufanywe kabla ya mstari badala ya baada yake. Mkutano huo hautamaliza hata mwezi. Tena nauliza: ni miezi mingapi tunayoipoteza leo kwa kesi, kwa malalamiko, kwa tathmini iliyofanywa ikalala mpaka ikapitwa na bei, kwa mkandarasi kusubiri nyumba zivunjwe? Haraka ya namna hiyo ndiyo isiyo na baraka.

Nitaambiwa pia habari ya kutegesha, na hapo sitawatetea watu wangu. Ni kweli. Katika ukanda wetu wa dhahabu, tetesi za mgodi au za barabara zikivuma, wapo wanaosimamisha kuta usiku na kupanda miche ya miembe iliyobanana kama mboga, ili mthamini akija wahesabiwe. Huo ni wizi, na mtegeshaji mkubwa mara nyingi si mkulima, bali ni mtu wa mjini aliyeipata ramani kabla ya kijiji. Lakini tazama hilo linatufundisha nini. Siri ya ramani ndiyo inayomlisha mtegeshaji. Mstari ungejadiliwa hadharani, na siku hiyo hiyo nyumba na miti iliyopo ikaandikwa mbele ya majirani wote, nani angetegesha? Jirani anajua mwembe wa juzi na mwembe wa babu.

Mwisho huja hoja ya fedha: fidia inapandisha gharama ya barabara. Haipandishi. Gharama ipo tangu mwanzo. Swali ni nani atakayeibeba. Nyumba ikivunjwa bila malipo, gharama yake haikufutika. Imelipwa yote na mjukuu mmoja wa mama mmoja, ili sisi wengine tupite kwa kasi ya kilometa 80 kwa saa. Na mjukuu huyo alikwisha kuchangia kama sisi, maana Mfuko wa Barabara unategemea tozo ya mafuta, naye kila anapopanda bodaboda, na kila anapopeleka mahindi kwenye mashine ya dizeli, anatoa senti zake humo. Hakuna haki katika kumtoza mtu mara mbili, mara ya kwanza kwa senti na mara ya pili kwa paa.

Basi mimi nadai nini? Kwanza, kila mradi wa barabara kuu ufike kijijini na njia zaidi ya moja, ukiwa bado na kalamu ya risasi inayofutika, na maswali ya mkutano wa kijiji yaambatanishwe na usanifu pamoja na majibu yake. Pili, kijiji kilichowekwa kando ya barabara kwa amri ya mwaka 1974 kisiitwe kijiji cha wavamizi. Watu wake walipwe kama wa X ya kijani, hata kama wamo ndani ya meta 22.5. Tatu, fedha zitangulie rangi. Ukuta usipakwe X ya rangi yoyote mpaka mwenye ukuta ajue kwa maandishi analipwa kiasi gani na lini. Nne, mashimo yanayochimbwa kifusi yasiachwe yakawa makaburi ya watoto na mazalio ya mbu. Ama yafukiwe, ama mkandarasi akubaliane na kijiji ayachonge yawe malambo ya kunyweshea ng'ombe. Shinyanga ni nchi ya kiu. Shimo lililochongwa vizuri lingekuwa zawadi.

Hakuna katika hayo hata moja linalohitaji akili ya ajabu au fedha za kigeni. Yanahitaji tu kwamba mwenye ramani amwone mwenye nyumba kuwa mtu mwenye swali.

Shuleni kwetu mwalimu akimkosesha mtoto aliyepata, hakuwa na haki ya kunyamaza. Alimwita mtoto, akaikata ile X, akaandika vema pembeni, akatia sahihi yake ili watu wajue ni nani aliyekosea. Mimi nimefanya hivyo. Nimemwandikia yule kijana barua ya ushahidi: kwamba mwaka 1974 mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilimpimia bibi yake kiwanja kwa kamba na hatua ishirini, kwa kutumwa, na kwamba nilimwambia hapo ndipo pake. Nimetaja waliokuwapo, wengi wao marehemu. Nimetia sahihi, na nakala ninayo. Sijui itafika wapi.

Nawaomba wenzangu tulioshika kamba mwaka ule, walimu, mabwana shamba, makatibu, tuliobaki, nao waandike. Tulikuwa wengi, na sasa tunahesabika. Tukiisha kufa, itabaki rangi ukutani peke yake, na hapatakuwa na mtu wa kusema ni nani aliyekosea hesabu.